Nyumba Inauzwa Kando ya Msitu wa Tetu

Matangazo ya nyumba za mapumziko katika nchi ya Nyeri yana mtindo wake usiobadilika: huanza na hesabu ya vyumba, hufuata tangi la maji na meko ya kuni sebuleni, kisha dalali, akijua kwamba hapo ndipo ilipo bei, humalizia na msitu mtulivu ulio nyuma ya ua, kana kwamba msitu nao ni kabati au meza itakayokabidhiwa mnunuzi pamoja na funguo. Apandaye kutoka mjini Nyeri kuelekea Ihururu au Ihithe, katika sehemu za Tetu, huiona sababu ya maneno hayo kwa macho yake, maana mashamba ya chai na viazi hukoma ghafla mbele ya waya wa umeme, na ng'ambo ya waya husimama Nyandarua, ile safu ambayo Joseph Thomson, katika safari yake ya miaka ya 1883 na 1884, aliitunuku jina la Lord Aberdare, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, asimshauri mwenyeji hata mmoja. Mahali ni pazuri, silikani hilo. Nitakalo kuuliza ni kitu gani hasa kinachouzwa hapo, na ni nani mwenye mamlaka ya kukiuza.

Biashara hii ina babu yake, na kaburi la mmoja wa wageni wake mashuhuri liko mjini Nyeri. Mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker, aliyepata kuwa katibu wa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alifungua hoteli ya Outspan, na mwaka 1932 akajenga kijumba juu ya mti wa mugumo ndani ya msitu, mbele ya kidimbwi ambacho wanyama hukijia kwa ajili ya maji na chumvi, akakiita Treetops. Mgeni alianzia Outspan, akapelekwa msituni alasiri nyuma ya mwindaji mwenye bunduki, akapanda ngazi, kisha akatakiwa anyamaze ili asiwatishe tembo na vifaru waliokuja kunywa. Walker alitambua mapema jambo ambalo wauzaji wa leo hulisema nusu tu, yaani kwamba mgeni hatoi fedha zake kwa ajili ya kitanda, maana kitanda kizuri zaidi amekiacha kwake, bali hutoa fedha kwa ajili ya kitu ambacho mwenye hoteli hakimiliki wala hawezi kukitengeneza. Baden-Powell mwenyewe alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan mwaka 1938, akaiita Paxtu, akafia humo tarehe 8 Januari 1941. Na baadaye Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simba-marara wa India, akakaa katika nyumba iyo hiyo. Corbett ndiye aliyekuwako Treetops usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, usiku ambao Mfalme George wa Sita alifariki Uingereza na binti yake Elizabeth, aliyekuwa amelala juu ya mti, akawa malkia naye hana habari.

Habari hiyo imesimuliwa mno, hata aghalabu huisahaulisha nyingine iliyoufuata usiku ule katika msitu uo huo na mwaka uo huo. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu wa mwaka 1920, akaingia Nyandarua pamoja na wapiganaji wa Mau Mau. Ndege za kivita za Uingereza zikaudondoshea msitu mabomu, na kuanzia mwaka 1954 watu wa vijijini wakakusanywa katika kambi zilizozungushiwa uzio, wakalazimishwa, wanawake kwa wazee, kuchimba handaki refu kando ya msitu na kulipanda miti iliyochongwa ncha, ili chakula kisivuke kwenda kwa wapiganaji. Treetops ilichomwa moto mwaka 1954. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembeni mwa msitu, katika ardhi ya Tetu, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Na katika mwaka huo huo wa 1957 hoteli ilijengwa upya ng'ambo ya kidimbwi, kubwa kuliko ile ya kwanza. Sisemi haya ili kumharibia mtu biashara yake. Nasema tu kwamba neno utulivu, likitajwa mbele ya familia ambayo bibi yao alishika jembe handakini, halina budi kupimwa kwanza.

Hata hati zenyewe za mashamba zimetoka katika miaka ile. Kazi ya kuunganisha vipande vya ardhi vya Wakikuyu, ambayo Tetu ya Kaskazini chini ya Chifu Muhoya ilikuwa miongoni mwa mahali ilipotangulia kufanywa, ilishika kasi wakati wa hali ya hatari, ilhali wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, wasiweze kusimama mpakani na kusema hapa ni pangu. Manung'uniko ya wakati ule hayakuzikwa pamoja na waliokuwako. Ndiyo sababu bodi ya kudhibiti ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, si kikwazo cha karani mvivu kama mnunuzi wa kutoka Nairobi anavyodhani: bila idhini yake, inayopasa kuombwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba kutiwa sahihi, mauzo ya shamba la kilimo ni batili, na kabla ya kutoa idhini bodi hutaka kumwona mke, au mume, na watoto wakubwa wa muuzaji. Asiye raia hapewi idhini hiyo, na Katiba ya mwaka 2010 humruhusu kupanga ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Jambo la kukumbukwa na ndugu zetu wa ng'ambo waliochukua pasi za kigeni wasishughulike kuurudisha uraia wa kuzaliwa.

Tuurudie msitu. Huo uko mikononi mwa umma, chini ya Shirika la Misitu na, kwa upande wa mbuga iliyotengwa mwaka 1950, chini ya Shirika la Wanyamapori. Muuzaji wa nyumba hana ndani yake hata kijiti. Wenye haki ya kuingia, kwa kibali na malipo, ni wanakijiji wa vyama vya jamii vya misitu, wanaotafuta kuni kavu, majani ya ng'ombe na mahali pa kutundika mizinga. Kabla ya waya, tembo walishuka usiku wakala mahindi na kuvunja ghala, na mtu aliyelinda shamba lake kwa debe na moto hakuwa na wasaa wa kuusifu msitu. Uzio wa umeme ulianza kujengwa mwaka 1989 kwa fedha za shirika la Rhino Ark, serikali na wananchi, ukakamilika mwaka 2009, ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400 kuuzunguka mlima wote. Lakini uzio si ukuta wa mawe: kila siku lazima mtu autembelee, akate matawi yanayougusa, ainue nguzo iliyolala, auunge waya ulioibwa. Usingizi wa mgeni mpangaji umo mikononi mwa mtu huyo, naye hatajwi katika tangazo lolote. Hata hivyo mgeni asitarajie ukimya. Perere, mnyama mdogo anayekaa juu ya miti, hupiga kelele usiku mithili ya mtu anayenyongwa, na wengi wameondoka asubuhi ya kwanza wakidai fedha zao.

Maji ya nyumba nayo yana historia. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, akaanzisha Harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977, akawa mbunge wa Tetu mwishoni mwa mwaka 2002 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2004, alieleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu, na jinsi alivyorudi kutoka masomoni Marekani akakuta mugumo umekatwa na kijito alichochezea utotoni kimekauka. Hata hivyo Mto Zaina na wenzake bado wanateremka kutoka mlimani.

Kutoka Ihithe iyo hiyo imekusudiwa barabara ya lami ya kukata Nyandarua hadi Ndunyu Njeru, takriban kilomita 52, sehemu yake ikipita katika msitu na mbuga. Mamlaka ya mazingira ilitoa kibali mwaka 2024, wapinzani wakaenda mahakamani, na kazi ikaamriwa isimame. Mkulima wa kabichi na viazi anayezunguka mlima mzima ili afike sokoni ana hoja yenye uzito, wala siwezi kumwambia avumilie kwa ajili ya wapangaji wa wikendi. Ila mwenye nyumba atakayesikia malori mahali pa perere atagundua kwamba alinunua kitu ambacho hakikuandikwa katika hati yake, na kwa hiyo hana wa kumshitaki.

Janga la korona lilipowazuia wageni, Treetops yenyewe, pamoja na malkia wake na umaarufu wake, ilifunga milango. Sioni, basi, sababu ya nyumba ya vyumba vitano kuuzwa kwa bei ya msitu mzima. Mnunuzi na aje mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka hadi kwenye majani ya chai na kuni zikakataa kushika, si Desemba ambapo kila kitu hung'aa, aombe kulala, na kabla ya kutia sahihi awaulize majirani, si dalali, waya ulikatika mara ya mwisho lini, na ni nani aliyekwenda kuuunga.