Mtoto Mwenye Usonji Si Mkaidi

Je, msomaji, umewahi kumwona mtoto darasani asiyeitika akiitwa, anayeziba masikio kengele inapolia, na anayelia kwa uchungu akihamishwa kiti? Wengi humwita mkaidi. Wengine husema ana majini. Huenda mtoto huyo ana usonji.

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti tangu utotoni. Daktari Leo Kanner aliieleza nchini Marekani mwaka 1943. Haiambukizi, wala haisababishwi na malezi mabaya au chanjo. Haina dawa ya kuiondoa, lakini mafunzo yanayofaa humsaidia mtoto sana.

Katika miji kama Masalani, Kaunti ya Garissa, lugha huweza kuificha hali hii. Mtoto aliyelelewa kwa Kisomali hukuta Kiswahili na Kiingereza shuleni. Akinyamaza, mwalimu hudhani ni ugeni wa lugha tu. Lakini mgeni wa lugha hucheza na wenzake, huonyesha kwa kidole anachotaka, na nyumbani huzungumza vyema. Mwenye usonji hutatizika hata katika lugha ya mama. Kwa hivyo mwalimu, muulize mama yake.

Ukishajua, fanya haya:

1. Mkalishe mbele, mbali na kelele za mlangoni.

2. Chora ubaoni ratiba ya siku kwa picha: kusoma, chakula, mchezo, nyumbani. Mwarifu kabla ya kubadilisha shughuli.

3. Toa agizo moja fupi. Badala ya "Jitayarishe", sema "Toa daftari".

4. Akilemewa na kelele, apumzike kivulini huku akiangaliwa. Baadhi ya watoto hawa hutoroka na huvutiwa na maji, na Mto Tana hauko mbali na Masalani.

5. Usimchape. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na humzidishia mtoto huyu hofu tu.

Nawe mzazi, kwanza mpeleke hospitali apimwe masikio, kwani mtoto asiyesikia pia haitiki. Kisha uliza ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka 1984. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto wako haki ya elimu pamoja na wenzake, kwa kadiri inavyomfaa. Usimfiche nyumbani. Kumficha hakupunguzi usonji. Kunampotezea miaka ya kujifunza.