Kumwomba Mola hata kamba ya kiatu (Sehemu ya tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza adabu za dua na nyakati zake. Leo tushuke kwenye jambo ambalo mimbarini halizungumzwi sana, nalo ni wasiwasi mdogo mdogo wa kila siku. Sisemi msiba wala ugonjwa wa kutisha. Nasema umeme wa LUKU unaokaribia kuisha na mwisho wa mwezi bado uko mbali, mtoto aliyerudishwa nyumbani kufuata hela ya mtihani, bosi aliyepita asubuhi bila kuitikia salamu.

Mambo haya wengi wetu hatuyaombei, tunaona haya. Mtu hujiambia kuwa dunia ina vita na wagonjwa wa saratani, sasa yeye ampelekee Mwenyezi Mungu habari ya kodi ya chumba? Unyenyekevu huo una sura nzuri, lakini ndani yake mna kosa la itikadi. Unamfanya Mola awe kama mkuu wa ofisi mwenye foleni mlangoni, ambaye hawezi kulisikiliza la huyu mpaka aliweke kando la yule.

Imamu Tirmidhi amepokea hadithi ambamo Mtume (S.A.W) anatuelekeza tumwombe Mola haja zetu zote, hata kamba ya kiatu inapokatika. Tirmidhi mwenyewe ameizungumzia sanadi yake, akaeleza kuwa wapokezi wengine wameipokea kwa Thabit al-Bunani bila kumtaja Anas bin Malik. Ni haki msomaji alijue hilo. Hata hivyo maana yake haikosi msaada. Katika Bukhari, Jabir bin Abdillah (R.A) anasimulia kuwa Mtume alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote, kama anavyowafundisha sura ya Qurani. Ni mambo yote, si ndoa na safari peke yake.

Humo humo katika Bukhari, Anas, aliyemtumikia Mtume nyumbani kwake, anasema alikuwa akimsikia mara kwa mara akijikinga kwa Mola na mambo manane: hamu na huzuni, kutojiweza na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kuzidiwa nguvu na watu. Itazame orodha hiyo vizuri. Deni limo. Uvivu umo. Hata yule mtu anayekukandamiza kazini yumo. Haya ndiyo yanayotunyima usingizi Manzese na Mwembetanga, na Mtume hakuyaona madogo mno kuyataja.

Sasa tuje kwenye namna. Mama ntilie anaamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa, na kabla maji hayajachemka kichwa kimeshajaa. Dua aliyoizoea ni ile ya jumla, ya kuomba heri ya dunia na akhera. Ni dua tukufu na asiiache. Lakini baada yake na aseme na lake: «Mola wangu, mchele umepanda, wateja wamepungua, na Ijumaa nina marejesho ya kikoba, shilingi elfu arobaini. Nifungulie.» Akishataja kiasi na siku, huenda akaliona na lile lililo mikononi mwake, yaani kumpigia katibu wa kikundi mapema kabla Ijumaa haijafika. Dua haijamwondolea kazi ya kupiga simu. Imemtoa tu kwenye kuzungukwa na jambo asiloweza hata kulisema.

Hayo yote anaweza kuyasema kwa Kiswahili. Kuomba kwa lugha yako ndani ya swala kuna ikhtilafu, na Mashafii wana masharti yao mazito, lakini nje ya swala mlango uko wazi. Nasikitika ninapomwona mtu mzima ananyamaza baada ya salamu ya swala kwa kuwa Kiarabu chake kimeishia hapo.

Wapo pia wasioweza kulitaja jambo lao, limewakaa kifuani bila jina. Hao wamsome Nabii Musa (A.S) katika Suratul Qasas, aya ya 24. Ametoka Misri anatafutwa, yuko ugenini Madyan, hana kwake. Aliwanyweshea maji wanyama wa wasichana wawili, akarudi kivulini, akamwambia Mola wake tu kwamba ni mhitaji wa heri yoyote atakayomteremshia. Hakutaja chakula, kazi wala mke. Aya zinazofuata zinaeleza jinsi alivyoitwa nyumbani kwa baba wa wasichana wale, akapewa ajira na ndoa.

Lakini wasiwasi unaokunyima usingizi wiki nyingi mfululizo au kukukosesha hamu ya kula si mdogo tena. Nenda hospitali. Mtume ameamrisha kujitibu, na anayekuambia kuwa kumwona daktari ni upungufu wa imani anakupotosha.

Wiki hii basi, kila usiku kabla ya witri, chagua jambo moja lililokusumbua mchana na ulitaje kwa Mola wako kama lilivyo. Sehemu ya nne, inshaallah, itahusu swala ya istikhara na makosa yanayofanywa katika kungojea ndoto baada yake.