Mlango wa udaktari hufungwa mapema

Je, mzazi, mwanao akiulizwa atakuwa nini akiwa mkubwa hujibu "daktari"? Basi usingoje siku ya matokeo ya KCSE ndipo uanze kuulizia. Aghalabu mlango huwa umekwisha kufungwa, na aliyeufunga ni mtoto mwenyewe, siku alipochagua masomo.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 huweza kufanya sayansi mbili badala ya tatu. Akishika kemia na fizikia, akaacha baiolojia kwa kuwa inamchosha, anaweza kupata gredi ya wastani ya A na bado asiruhusiwe kusomea udaktari. Machozi ya baada ya matokeo hayatamsaidia.

Masharti yenyewe

Ili aombe shahada ya udaktari humu nchini, mtahiniwa wa KCSE anahitaji angalau B katika baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Wengi hupuuza lugha, wakidhani daktari ni sayansi tu. Hilo ni kosa.

Hata hivyo, B humpa mtoto ruhusa ya kupanga foleni tu. KUCCPS, inayowapa wanafunzi nafasi vyuoni, huwalinganisha kwa masomo manne yanayohusika na kozi, kwa alama zisizozidi 48. Wanaotaka udaktari ni wengi na nafasi ni chache, kwa hivyo walio juu ndio huchukuliwa.

Mtihani wa mwisho wa 8-4-4 ni wa mwaka 2027. Kwa walio katika mtaala wa umilisi, uamuzi huja mapema zaidi, kwani mkondo huchaguliwa katika gredi ya 9. Anayeuwazia udaktari achague mkondo wa sayansi, na baiolojia na kemia ziwe miongoni mwa masomo yake matatu ya hiari. Uliza pia kama shule anayopelekwa inayafundisha masomo hayo na ina maabara.

Daktari wa mifugo si wa kudharauliwa

Wazazi wengi wa mjini huona udaktari wa mifugo kuwa kazi ya walioshindwa. Wamekosea. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka kaskazini mashariki mwa Kenya mwaka 1997 na 1998, ilitoka kwa mifugo na kuwaua watu. Kichaa cha mbwa nacho huzuiwa kwa kumchanja mbwa kabla hajamuuma mtoto wako. Shahada hii hufundishwa kwa miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete. Udaktari wa watu huchukua miaka 6 katika chuo hicho hicho.

Mpime moyo

Katika nchi nyingine, kama Uingereza, mwombaji huhojiwa kabla ya kupewa nafasi. Hapa kwetu, kwa wanaopangiwa nafasi na KUCCPS, alama ndizo huamua. Hakuna atakayemwuliza mwanao kama anaweza kumvumilia mgonjwa anayetapika saa nane za usiku. Kazi hiyo imebaki kwako.

Wakati wa likizo, omba ruhusa katika zahanati ya mtaani akasaidie kupanga faili na kuona wagonjwa wanavyopokelewa. Anayependa wanyama amfuate daktari wa mifugo zizini, na afike kichinjioni aone nyama inavyokaguliwa. Akishtuka kuona damu, usikate tamaa, maana wengi huzoea. Lakini akichukia kuwa karibu na wagonjwa, ni heri ajue sasa.

Mkutanishe pia na daktari kijana amweleze ukweli. Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na malipo ya hao walio mafunzoni yalikuwa miongoni mwa malalamiko.

Na alama zikipungua? Chuo cha KMTC hufundisha stashahada ya afisa wa kliniki kwa miaka 3. Huyo naye hutibu watu, na katika vituo vingi vya mashambani ndiye mgonjwa humkuta kwanza.

Kwa hivyo, mzazi, jioni ya leo usimwulize mwanao amekuwa nambari ngapi darasani. Mwulize amechagua masomo gani, na kwa nini.