Safari ya Kwanza Japani: Njoo Novemba

Wapwa zangu wa Tanga wakipanga kuja kunitembelea Japani, swali lao la kwanza huwa ni hilo hilo: "Shangazi, sakura zinachanua lini?" Ninaishi Saitama, kaskazini kidogo ya Tokyo, na jibu langu wameshalichoka: kama ni safari ya kwanza, njooni Novemba.

Sina ugomvi na sakura, maua ya mcheri. Tatizo lake ni kwamba haimngoji mgeni. Aina iliyojaa zaidi mijini, Somei Yoshino, huzalishwa kwa kupandikiza vitawi, kwa hiyo miti yote ni ya asili moja. Mtaa mzima huchanua pamoja na kupukutika pamoja. Tangu maua ya kwanza kufunguka hadi mti kujaa ni kama wiki moja, na baada ya hapo mvua moja yenye upepo inatosha kumaliza kila kitu. Siku yenyewe nayo haishikiki. Kwa Tokyo, Idara ya Hali ya Hewa ina mti wake wa kipimo katika hekalu la Yasukuni. Ofisa huenda kuukagua huku kamera za televisheni zikimzunguka, na akihesabu maua matano au sita yaliyofunguka hutangaza kwamba sakura imechanua. Kwa kawaida ni katika nusu ya pili ya Machi, ila joto likiwahi, nayo huwahi. Mwaka 2021, Kyoto ilijaa maua tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu zinazorudi nyuma miaka 1,200. Waliokuwa wamekata tiketi za katikati ya Aprili walikuta majani mabichi kwenye miti mingi.

Anayeng'ang'ania sakura namwambia asiishie Tokyo. Maua hupanda kuelekea kaskazini, na kufikia wiki ya tatu ya Aprili huwa yako Hirosaki, mkoa wa Aomori, ambako kuna miti kama 2,600 kuzunguka ngome ya kale. Huko ni nchi ya matufaha, na watunzaji wa bustani huipogoa misakura kwa ujuzi wa wakulima wa matufaha. Ndiyo maana miti iliyopita miaka mia bado inabeba mashada mazito. Ila usivuke tarehe 29 Aprili, maana hapo sikukuu zinaanza kufuatana na nchi nzima inakuwa safarini.

Majani ya mapukutiko yana subira zaidi. Rangi huanza katikati ya Septemba kwenye milima ya Daisetsuzan, Hokkaido, ikateremka kuelekea kusini na kutoka vileleni hadi mabondeni, mpaka Tokyo na Kyoto mwishoni mwa Novemba. Umechelewa mlimani? Shuka bondeni. Pa kuliona hilo vizuri ni Nikko, kama saa mbili kwa treni kutoka Asakusa, Tokyo. Kutoka mjini basi hupanda barabara ya Irohazaka, yenye kona 48 ukijumlisha za kupandia na za kushukia, hadi ziwa Chuzenji lililo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Niliipanda mwanzoni mwa Novemba. Chini, karibu na mahekalu, miti ya momiji, yaani maple ya Kijapani, ilikuwa nyekundu kabisa. Katikati ya kona rangi ikawa ya kahawia. Kufika ziwani, matawi yalikuwa matupu, na mzee aliyekuwa akichoma samaki wa mtoni kwa chumvi alikuwa tayari amevaa glavu za sufu. Aliniambia nimechelewa wiki mbili, kisha akaniuzia samaki wawili.

Hali ya hewa nayo inaisaidia Novemba. Juni hadi katikati ya Julai ni masika ya huku. Baada yake linakuja joto ambalo mtu wa Pwani hudhani analijua, mpaka asimame kituo cha basi cha Kyoto kwenye nyuzi 36 bila hata kaupepo ka bahari. Agosti na Septemba ni vimbunga. Baridi kali ya Januari na Februari ina raha yake, hasa upande wa magharibi, ambako upepo wa Siberia huchota unyevu wa Bahari ya Japani na kuumwaga kama theluji milimani, huku Tokyo ikibaki na jua kavu. Lakini mgeni aanze na sweta kwanza.

Jambo la kulizingatia ni mchana mfupi. Mwishoni mwa Novemba jua la Tokyo huzama saa kumi na nusu, na mahekalu mengi hufunga karibu na muda huo. Ratiba ijazwe asubuhi. Jioni iwe ya chakula. Anayekula halali aulize kabla ya kuagiza, kwani mchuzi wa rameni mara nyingi ni wa mifupa ya nguruwe na sosi nyingi zina mvinyo wa mchele. Viazi vitamu vya kuchoma, vinavyouzwa vya moto mlangoni mwa supamaketi, havina mashaka, na msimu wake ndio huo.

Mtanzania au Mkenya anahitaji viza. Ubalozi utadai ratiba ya siku kwa siku na mahali utakapolala, na viza ya kuingia mara moja huisha nguvu miezi mitatu tangu itolewe. Wa Novemba apeleke karatasi zake Septemba. Akiwahi sana anajipunja. Ndege ni za kuunganisha, kwa mfano kupitia Doha, Dubai au Addis Ababa.

Pasi ya treni ya JR ya siku saba, ambayo kila mtu atakushauri ununue, ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kutoka Tokyo kwenda Kyoto kwa Shinkansen, treni ya kasi, ni kama yeni 14,000, kwa hiyo anayefanya Tokyo, Kyoto na kurudi tu anunue tiketi za kawaida, abaki na chenji ya kutosha.

Kinachoisha mapema ni vyumba vya Kyoto. Vitafute kabla ya kitu kingine. Vikikushinda bei lala Osaka, maana ni nusu saa tu kwa treni. Ikwepe tarehe 23 Novemba, ambayo ni sikukuu ya taifa, na wikiendi inayoikaribia. Bonde la momiji la hekalu la Tofukuji, Kyoto, liendee siku ya kazi, uwe mlangoni kabla halijafunguliwa, na hekalu la Eikando uliache kwa usiku, wakati miti yake inapowashiwa taa.