Ini la Paka Si Ini la Mtu

Anayempa paka wake mgonjwa kidonge cha parasetamoli anampa kwa huruma, na ndiyo maana kosa hili ni gumu kulikomesha. Kidonge kimoja cha miligramu 500, ambacho mtu mzima hukimeza kichwa kikimuuma, kinatosha kumuua paka wa kilo nne, na nusu yake pia ni hatari. Wengi hudhani shida ni udogo wa mwili, kwa hiyo wanakata kidonge vipande. Shida iko ndani ya ini. Ini la binadamu huipunguza makali sehemu kubwa ya dawa hii, kisha ikatoka kwa mkojo. Paka hana kimeng'enya cha kutosha cha kufanya kazi hiyo, kwa sababu jeni inayokitengeneza imeharibika katika ukoo wake mzima, pamoja na jamaa zake wa porini. Pengine wanyama walao nyama tupu hawakukihitaji sana, kwa kuwa sumu nyingi za kutolewa mwilini hutoka kwenye mimea. Dawa iliyobaki hugeuka sumu, ikaharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na nyayo huvimba, na mnyama huhema kwa shida.

Wako watakaosema paka alikuwa na homa, mwili ulikuwa wa moto. Lakini joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hiyo mkono wa mtu mwenye nyuzi 37 utamwona wa moto hata akiwa mzima. Wengine watasema wa jirani alipewa akapona. Huenda alikitema nusu, na ini lake halikubadilika kwa kupona kwake. Aliyevuka barabara macho kafumba akafika salama hajathibitisha kwamba barabara haina magari. Hatari ya kumpa paka dawa isiyo yake imo pia katika dawa za kupe za mbwa zenye pemethrini, na katika baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe: paka hutetemeka hadi kupata degedege, na akijilamba manyoya huimeza pia.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba daktari wa mifugo yuko mbali na ana gharama. Ni kweli, na simlaumu asiye na nauli. Ila kutompa dawa yoyote ni bure, na mara nyingi ni salama kuliko kumpa dawa ya kubahatisha. Mpe maji na kivuli, mchane viroboto kwa kitana chenye meno ya karibu, kisha mpigie daktari simu. Akiwa ameshameza parasetamoli, usimlazimishe kutapika kwa chumvi. Mpeleke saa hiyo hiyo pamoja na pakiti ya dawa. Kiuasumu chake, asetilisisteini, hutumiwa hata kwa binadamu, na hufaa zaidi kikitolewa katika saa za mwanzo.