Mabehewa Yaliyofika Musoma kwa Njia ya Maji

Mkoa wa Mara haujawahi kuunganishwa na reli ya nchi kavu. Hakuna njia ya chuma iliyofika Bunda wala iliyopita Butiama, na mkulima wa Kibara anayetaka kuona treni ya mizigo hana budi kwenda Mwanza. Hata hivyo Musoma mjini kuna mahali palipojengwa kwa ajili ya mabehewa. Bandarini kuliwekwa reli fupi na daraja la chuma la kuegeshea meli za mabehewa, na kwa daraja hilo behewa liliweza kushuka likiwa zima, juu ya magurudumu yake, likapakuliwa, likapakiwa upya na kurudi majini. Katika hesabu za shirika la reli la wakati huo, Musoma ilikuwa kituo cha mizigo kama Mwanza, Kisumu au Jinja. Tofauti ni kwamba wenzake walikuwa na treni nyuma yao, na Musoma ilikuwa na ziwa tu.

Kituo hicho kimesahaulika kiasi kwamba vijana wengi wa Mara hawajui kama kiliwahi kuwapo. Ni hasara, kwa sababu ndani yake mna somo la biashara ambalo mkoa unalihitaji sasa kuliko wakati wowote.

Habari yake inaanzia Kisumu. Reli ya Uganda kutoka Mombasa ilifika huko mwaka 1901, na mara moja ikahitaji meli za kuzoa mizigo pande zote za ziwa. Zikaja meli za mvuke kama Winifred, Sybil na Clement Hill. Ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande, zikasafirishwa kwa reli na kuunganishwa upya Kisumu. Meli hizo zilikuwa mali ya reli, na nauli yake ilikuwa nauli ya reli. Kwa zaidi ya miaka 20, mzigo wa upande wa kusini wa ziwa, Mwanza na Musoma zikiwamo, ulitafuta bahari kwa kupitia Kisumu na Mombasa, ingawa ulitoka katika ardhi ya Tanganyika.

Hali ilibadilika mwaka 1928, reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza. Kuanzia hapo ziwa likawa na milango miwili ya baharini, na Musoma ikajikuta katikati. Ingeweza kupeleka mzigo kaskazini hadi Mombasa au kusini hadi Dar es Salaam. Kwa mji mdogo wa bandari hiyo ilikuwa bahati kubwa, kwani mwenye njia mbili ana nguvu ya kuchagua.

Kulikuwa na bahati nyingine iliyoonekana ndogo lakini ikawa na maana sana. Reli ya Kenya na Uganda na Reli ya Kati ya Tanganyika zote zina upana wa mita moja. Mwaka 1948 zikaunganishwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Behewa lililotengenezwa kutembea Nakuru liliweza kutembea Tabora bila kubadilishwa magurudumu. Kilichokosekana kilikuwa cha kulivusha maji.

Katikati ya miaka ya 1960 zikapatikana meli mbili za kazi hiyo, Umoja na Uhuru, kila moja ikiwa na reli sitahani na nafasi ya mabehewa yanayokaribia 20. Magati yake yaliwekwa Kisumu, Jinja, Mwanza na Musoma.

Kazi ya gati la mabehewa inastahili kuelezwa, maana thamani yote iko hapo. Ziwa Victoria halitulii kwenye kimo kimoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita mbili na kuzamisha magati mengi ya zamani. Kwa hiyo daraja la kuunganisha reli ya nchi kavu na reli ya melini halikuweza kuwa la kudumu mahali pamoja. Lilipaswa kuinuka na kushuka kufuata maji na kufuata uzito wa meli. Meli inapofika, wafanyakazi hulinganisha reli kwa reli mpaka zikutane barabara, kisha mabehewa husukumwa taratibu, moja upande huu na jingine upande ule, ili meli isilale ubavu. Kila behewa hufungwa kwa minyororo kwenye sitaha. Mzigo wenyewe haushikwi na mkono wa mtu. Mlango uliotiwa lakiri pale mwanzo unafunguliwa mwisho wa safari tu.

Kwa mwenye mali hiyo ndiyo faida. Kila mara gunia linaposhushwa bandarini na kupandishwa tena, kuna malipo ya wachukuzi, kuna gunia litakalochanika, kuna siku ya kusubiri na kuna nafasi ya wizi. Behewa lililovuka zima liliruka gharama hizo zote, na mwenye shehena alishughulika na waraka mmoja na shirika moja tangu anapopakia hadi bandari ya bahari.

Kibara inaingia hapa kwa sababu ya pamba. Mji huo mdogo uko Mwibara, kwenye Ghuba ya Speke, kando ya barabara ya kutoka Bunda kupitia Bulamba hadi Kisorya kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Pamoja na Ushashi na Mugango, Kibara ni miongoni mwa maeneo ya Mara yaliyopata viwanda vya kuchambua pamba. Msimu wa kuuza ukifunguliwa kati ya Mei na Juni, mkulima huleta pamba yake kwenye mizani ya chama cha msingi, ikatengwa safi na fifi, ikaenda kiwandani kutolewa mbegu, na nyuzi zikabanwa kuwa marobota yenye uzito wa kilo 180 hivi kila moja. Robota ni mzigo usio na haraka. Haliozi kama sangara. Lakini ni zito, linakuja kwa wingi ndani ya miezi michache, na sehemu kubwa ya nyuzi za Tanzania huuzwa nje. Mzigo wa namna hiyo ndio reli na meli zilizaliwa kuubeba.

Ushirika wa ukanda huo ulilijua hilo. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilikuwa mmoja wa wateja wakubwa wa usafirishaji kanda ya ziwa. Nguvu yake haikuwa kwenye bei ya pamba peke yake. Ilikuwa kwenye wingi: msafirishaji anayeahidiwa maelfu ya marobota kila msimu anaweza kupanga ratiba ya meli na mabehewa. Wanunuzi kumi wenye malori machache kila mmoja hawawezi kuahidi hivyo.

Kilichokiua kituo cha Musoma hakikuwa kutu. Mapema mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika. Shirika la pamoja la reli likagawanywa vipande vitatu. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na mwaka uliofuata nchi tatu zikakubaliana jinsi ya kugawana mali. Meli ya Uhuru ikabaki Kenya na Umoja Tanzania. Uganda ikajipatia zake, Kabalega, Pamba na Kaawa. Musoma ikapoteza mlango wake wa kaskazini kwa miaka sita mfululizo, na ule wa kusini nao ukaelekezwa zaidi kwenye safari za Mwanza na Uganda, ambako mizigo ilikuwa mingi.

Wafanyabiashara hawasubiri miaka sita. Waligeukia barabara. Lami ya Mwanza hadi Sirari, inayopita Bunda, ikawa uti wa mgongo wa biashara ya Mara, na lori likashika kazi ya behewa. Lori lina sifa zake na si haki kuzikataa: linafika hadi mlango wa kiwanda, linaondoka likijaa, halingoji meli. Sheria ya pamba ya mwaka 1994 ilipofungua soko kwa wanunuzi binafsi na ushirika ukadhoofika, mzigo uligawanyika katika mikono mingi, na lori likazidi kufaa. Leo hata kipande cha Bulamba hadi Kisorya, kilomita 51, kimewekwa lami. Mkulima wa Kibara amenufaika nacho kweli.

Lakini hesabu ya mzigo mzito haijabadilika. Meli ya Umoja hubeba tani 1,200 kwa safari moja. Kwa malori ya tani 30 hayo ni malori 40, kila moja na dereva wake, mafuta yake, matairi yake na uharibifu wake wa barabara, ambao hulipwa na walipa kodi wote.

Wala teknolojia hiyo haijapitwa na wakati. Mwaka 2018 Umoja ilirudi kazini kati ya bandari ya Mwanza Kusini na Port Bell, ikibeba mabehewa yaliyotoka Dar es Salaam kwenda Kampala baada ya njia hiyo kulala kwa miaka. Kenya nayo ikaifufua Uhuru, ikaanza kubeba mafuta kutoka Kisumu kwenda Uganda. Meli zilizoundwa karibu miaka 60 iliyopita zinatafutiwa mizigo upya na nchi mbili.

Musoma haimo katika ufufuo huo, na sababu moja ni ya kiutawala. Zamani reli, meli na bandari vilikuwa chini ya paa moja. Sasa behewa ni la Shirika la Reli, meli iliwekwa chini ya kampuni ya huduma za meli iliyotengwa na reli mwishoni mwa miaka ya 1990, na gati liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Ule waraka mmoja wa mzigo umekuwa nyaraka tatu. Mwenye marobota Kibara hana mtu mmoja wa kumwuliza bei ya kutoka Musoma hadi baharini, lakini bei ya lori anaijua kwa simu moja.

Wakati huohuo serikali imekuwa na mpango wa reli ya Tanga hadi Musoma kupitia Arusha, zaidi ya kilomita 1,000, yenye matawi ya kuchukua magadi ya Engaresero na mbolea ya Minjingu. Wazo hilo ni la zamani. Wajerumani walioanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893 walishatazama Ziwa Victoria, lakini njia yao iliishia Moshi, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukiutazama mpango wa sasa utaona kwamba mwisho wake si Musoma. Mizigo inatarajiwa kuvuka ziwa kwa meli hadi Uganda. Yaani reli hiyo ikijengwa itahitaji gati la mabehewa Musoma, kitu kilekile kilichoachwa.

Basi kwa nini lisitangulie gati? Reli ya zaidi ya kilomita 1,000 inahitaji matrilioni ya shilingi na miaka mingi. Daraja la mabehewa, reli ya uani na ratiba ya meli kati ya Musoma na Mwanza Kusini ni kazi ndogo zaidi, na ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza, kilomita 341, uliozinduliwa mwaka 2021, unazidi kuipa Mwanza uzito. Kutakuwa na suala la upana, kwa kuwa reli mpya ni pana kuliko ile ya mita moja, ila makontena yanahama kutoka behewa hadi behewa kwa urahisi ambao magunia hayakuwa nao.

Vyama vya msingi vya pamba vya Mwibara, halmashauri za Bunda, Musoma na Butiama, na wabunge wa mkoa wanapokaa kujadili usafirishaji, wana haki ya kuuliza swali moja kwa taasisi zote tatu zikiwa chumba kimoja: tani moja kutoka Musoma hadi Dar es Salaam, kwa maji na reli, kwa waraka mmoja, ni shilingi ngapi? Jibu hilo lidaiwe kabla msimu ujao wa pamba haujafunguliwa.