Bei ya Kitalu na Hesabu ya Simba

Hadi mwaka 2007, kampuni ya uwindaji wa kitalii nchini Tanzania ilikuwa ikilipa dola 7,500 za Marekani kushika kitalu kwa msimu mzima, kiwe kimejaa nyati au kiwe pori la mbung'o na swala wachache. Bei hiyo ikarukia dola 27,000. Baadaye vitalu vikapangwa kwa madaraja, na cha daraja la kwanza kikafika dola 60,000 kwa mwaka. Mwaka 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) ikaanza kuvinadi kwa mtandao.

Serikali ilikuwa na kila sababu ya kupandisha. Mali ya umma ilikuwa inakwenda kwa bei ya kutupa, huku baadhi ya waliogawiwa vitalu wakivikodisha kwa wageni kwa bei nyingine kabisa. Lakini katika biashara hii, namna ya kutoza ina uzito kuliko kiasi kinachotozwa.

Tazama ankara ya mteja. Anayetaka simba au tembo hununua safari ya siku 21. Humo mna vibali, ada ya uhifadhi kwa kila siku aliyo porini, malipo ya mwindaji bingwa, kambi, magari, mara nyingi na ndege ndogo, kisha ada ya kila mnyama anayeangushwa. Askari wa wanyamapori hufuatana na msafara. Nyati akijeruhiwa na kutokomea vichakani, huandikwa kana kwamba ameuawa na hulipiwa. Simba dume asiyefika miaka sita haruhusiwi, na kampuni inayozembea huweza kupunguziwa mgawo wa wanyama inaoruhusiwa kuwinda. Gharama hizo humfuata mteja: asipokuja, nyingi hazipo.

Ada ya kitalu ni habari tofauti. Hulipwa mteja aje asije. Juu yake, kwa miaka mingi kanuni ziliitaka kampuni ilipie walau asilimia 40 ya thamani ya mgawo wake wa wanyama, hata kama haikupiga risasi hata moja. Mfanyabiashara mwenye deni la namna hiyo na mkataba wa miaka mitano wa enzi hizo angefanya nini? Angewinda kwa nguvu kurudisha fedha zake, maana hakuwa na hakika kwamba msimu wa sita ungemkuta pale.

Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichambua takwimu za uwindaji wa simba katika Pori la Akiba la Selous kuanzia 1996 hadi 2008. Vitalu vilivyokuwa vikibadilisha kampuni kila baada ya muda mfupi viliiingizia serikali dola 133 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, na vile vilivyokaa na kampuni moja kwa muda mrefu dola 62. Mhasibu wa Hazina angechagua vya kwanza bila kusita. Ila huko ndiko simba walikopigwa zaidi, na ndiko idadi ya waliopatikana ilikoshuka kwa kasi. Katika vitalu vya mkataba mrefu, uwindaji ulikaribia kiwango kinachopendekezwa: simba mmoja hivi kwa kila kilomita za mraba 1,000.

Wakati huohuo soko lenyewe linabana. Marekani, nchi yenye wateja wengi kuliko nyingine yoyote, ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania mwaka 2014, na mwaka 2016 ikakaza masharti ya nyara za simba. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikageuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako uwindaji ni marufuku. Kuanzia 2023, kuuawa kwa madume ya tembo wanaovuka kati ya Amboseli, Kenya, na Longido, Tanzania, kulizua ugomvi na wahifadhi wa Kenya, nchi iliyofunga uwindaji tangu 1977. Kampuni inayoweka dau mnadani inabeba hatari zote hizo.

Dau likizidi uwezo, kitalu hurudishwa. Hapo hasara hukumba zaidi ya Hazina. Doria ya kampuni huondoka na magari yake, halafu huingia mifugo, wachoma mkaa na majangili. Vijiji vilivyotenga ardhi kuwa hifadhi ya jamii hupoteza mgao uliokuwa ukilipa askari wao na kujenga madarasa.

Mnada umeondoa bei ya kutupa, na usirudishwe nyuma. Kinachotakiwa ni kuufunga na mkataba mrefu, kama ule wa miaka 10 ambao watafiti wa Selous waliupendekeza, pamoja na sensa ya wanyama inayotangazwa kabla ya dau kufunguliwa. Sharti la kulipia mgawo usiotumika halina nafasi katika mpango huo: humwadhibu mwindaji anayeacha mnyama aishi. Serikali ikitaka kupandisha tena, ipandishe ada ya mnyama mmoja mmoja kabla ya kugusa ada ya kitalu. Mapato yatapungua katika miaka ya mwanzo, na waziri atakayelitetea hilo bungeni ajiandae kwa takwimu za simba mkononi.